Joto la Ghalani

Asubuhi hiyo Oresta Mligo alikata maua kumi na saba yaliyooza kabla hata hajanywa chai, na kila alipokata moja alitukana. Hakuwa mtu wa matusi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa bibi shamba wa tarafa ya Ihanga, akipita kwa wakulima wa viazi na pareto kuwaambia kwa upole wapande lini na wanyunyize nini. Lakini upole ule ulikuwa wa enzi za jua.

Ghala alilofanyia kazi lilijengwa zamani kuhifadhi mbegu za viazi. Lilijengwa kwa zege nene ili lishike baridi, na hiyo ndiyo kazi pekee lililoijua. Oresta alikuwa ameziba madirisha kwa mablanketi ya sufi. Ndoo zake mia moja na ishirini za bangi alikuwa amezipandisha juu ya mbao ili mizizi isiguse baridi ya sakafu, na kila ndoo akaizungushia gunia la maranda. Taa za kisasa zilining'inia juu yake, zikitoa mwanga wa zambarau usio na joto la kumpasha hata nzi. Bomba la mvuke lilipita ukutani, vuguvugu kama mate. Kipimajoto kilisoma tisa.

Kwenye nyuzi tisa bangi haifi. Inasusa. Mizizi inaacha kunywa, majani yanageuka zambarau iliyoiva kama jicho lililopigwa ngumi, na maua yanabaki na umande ndani. Kisha ukungu wa kijivu unaanzia katikati, mahali jicho halifiki. Kwa nje ua ni zima. Ukilibinya linavunjika kama jivu.

Mlango uligongwa akaingia Sista Winfrida Luvanda, muuguzi mkuu wa zahanati, mwanamke mfupi aliyevaa makoti mawili.

"Kamwene, Sista," Oresta alisema bila kugeuka.

"Kamwene. Usiniulize habari, maana sina nzuri. Yusta wa Edina Chaula jana ameanguka mara nne. Amejing'ata ulimi mpaka nikadhani ameukata." Sista alitazama ndoo ya maua yaliyokatwa. "Hayo yote yameharibika?"

"Yote."

"Nimebakiwa na mafuta ya wiki sita, Oresta. Watoto arobaini na mmoja. Wiki sita tu."

Hakukuwa na haja ya kusema zaidi. Mwaka wa tatu tangu Pazia litandikwe angani, watoto wa nyanda za juu walianza kuanguka kifafa. Maputo makubwa yalikuwa yamemwaga vumbi jeupe juu kabisa ya mawingu ili kulipunguza makali jua lililokuwa likiiunguza dunia. Pwani walishangilia, huko mahindi yalirudi kuota. Huku Ihanga mbingu ikawa nyeupe kama maji ya mchele, sakitu, umande ulioganda, ikalala mashambani hadi saa sita mchana, na vumbi lililodondoka kidogo kidogo likaingia vichwani mwa watoto wadogo. Dawa za kiwandani hazikuwasaidia. Kilichowasaidia ni mafuta ya aina moja ya bangi, isiyolevya, iliyohitaji nyuzi ishirini na moja ili ichanue sawasawa. Serikali ilitoa kibali kimoja kwa tarafa nzima, na kibali hicho kilikuwa na jina la Oresta.

"Nahitaji joto la wiki sita," Oresta alisema. "Wiki sita tu, Sista, nikupe mafuta ya mwaka."

"Basi kawaambie wenye joto. Mimi nikienda nitampiga mtu."

*

Katika ofisi ya Mamlaka ya Joto, Oresta alilazimika kuvua koti. Bwana Ambakisye Mwaijande, ofisa mgao, alimpokea akiwa na shati la mikono mifupi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu, mwenye sauti ya mtu anayesoma risala.

"Karibu sana, mama. Nimesoma ombi lako. Linagusa moyo."

"Halikuandikwa liguse moyo. Liliandikwa lilete joto."

Alitabasamu, akamgeuzia kioo cha mashine. Oresta aliujua mfumo huo kama mtu yeyote wa Ihanga, kwa kuishi ndani yake. Mvuke ulitoka kwenye visima vilivyochimbwa chini ya mlima, ukasafiri kwa mabomba hadi kila nyumba. Visima havikutosha. Kwa hiyo kulikuwa na Mgawaji, mashine ambayo watu waliizungumzia kana kwamba ni mtu: Mgawaji kakasirika leo, Mgawaji katuonea huruma. Juu ya kila mlango palikuwa na kifaa kidogo kilichohesabu miili iliyolala ndani, na kwa hesabu hiyo Mgawaji alifungua na kufunga valvu za tarafa nzima, mara mia kwa saa.

"Tatizo lako," Ambakisye alieleza, "ni kwamba mmea si mwili. Mgawaji akilitazama ghala lako anaona chumba kitupu. Anakupa kiasi cha kuzuia bomba lisipasuke, basi. Lakini ipo njia. Naweza kuingiza mahitaji ya watoto arobaini na mmoja kwenye ghala, kama joto la dharura la tiba. Wiki sita. Unasaini hapa, na hapa."

Oresta alishika kalamu, kisha akaiweka. "Litatoka wapi?"

"Samahani?"

"Visima ni vilevile. Nikipewa mimi, litapungua kwa nani?"

"Mgawaji huchukua kidogo kidogo kutoka kwenye ziada," alisema Ambakisye. "Hakuna atakayehisi."

Alilisema upesi, na Oresta alisikia ule upesi. Baadaye angeukumbuka mara nyingi. Lakini siku hiyo alimfikiria Yusta na ulimi wake, akasaini hapa, na hapa.

*

Siku ya tatu kipimajoto kilisoma ishirini na moja. Bomba lilikuwa halishikiki kwa mkono mtupu. Ndani ya wiki moja majani mapya yalitoka ya kijani, na ndani ya mbili ghala likajaa harufu nzito, kali, ya limau na ngozi ya mnyama, iliyomfanya Sista Winfrida apige chafya na kucheka kwa wakati mmoja. Maua yalinenepa. Ukimulika tochi uliona utomvu ukimeta juu yake kama chumvi. Oresta alifanya kazi kuanzia mapambazuko hadi taa zilipojizima, akilala kwenye kiti, akila viazi vya kuchemsha kwa mkono mmoja.

Katika wiki hizo tatu alitoka mara mbili tu, na mara zote mbili ilikuwa kwenda kuzika. Wa kwanza alikuwa Mzee Luhwago, kisha mjane mmoja wa mtaa wa juu. Watu wazima, walisema waombolezaji. Baridi ya Julai. Oresta alirusha udongo wake kaburini akarudi mbio kwa maua yake.

Jumapili ya wiki ya tatu ndipo alipokumbuka kwa aibu kwamba hajamwona Shangazi Malita tangu alipopata joto. Shangazi alikuwa na miaka themanini na mmoja, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea. Oresta alimfungia maparachichi mawili na chupa ya chai, akapanda mtaa wa juu.

Alijua kuna jambo kabla hajagusa mlango. Dirisha lilikuwa na barafu kwa ndani.

Shangazi alikuwa kitandani chini ya kila kitu alichomiliki: mablanketi, vitenge, koti la marehemu mumewe, hata mkeka. Uso wake ulionekana mdogo kama wa mtoto.

"Nani?"

"Mimi, Shangazi. Oresta."

"Funga mlango, mwanangu. Joto linatoka."

Hakukuwa na joto la kutoka. Oresta aliweka kiganja kwenye bomba, likamuuma kwa ubaridi. Kipimajoto kilisoma nne. Alitazama kifaa juu ya mlango. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka. Kilikuwa kinamwona mtu humu ndani.

"Tangu lini?"

"Nini?"

"Bomba, Shangazi! Tangu lini halishiki moto?"

"Usinifokee. Wiki tatu sasa. Kwangu, kwa Otmari, kwa Luhwago Mungu amrehemu. Sote wa rika hili. Nilimtuma mtu Mamlaka, wakasema bomba letu halina ubovu." Alikohoa kwa muda mrefu. "Nikasema usisumbuliwe. Nimesikia kazi yako inakwenda vizuri."

Oresta alikaa sakafuni. Hakulia. Hasira ilimpanda, moto kuliko bomba lolote la Ihanga, na hakujua amrushie nani. Wiki tatu. Luhwago, mjane yule. Alikuwa amewarushia udongo kwa mkono uleule uliosaini.

*

"Ulisema ziada," alisema Jumatatu asubuhi, akiwa amesimama katikati ya ofisi ya Ambakisye na koti lake mwilini.

"Mama, tafadhali keti."

"Shangazi yangu ni ziada?"

Ambakisye alifunga mlango. Alipogeuka, adabu yake ilikuwa imepungua kidogo. "Kila mwili una uzito kwenye hesabu. Mtu mzima mwenye afya ni moja. Tangu mwaka jana, waliopita miaka sabini ni robo. Si mimi niliyeamua. Uliamuliwa mkoani, na wataalamu. Joto la kawaida linapotosha, uzito hauonekani. Likipungua ghafla, Mgawaji anaanza kukata kwenye uzito mdogo."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua anaweza kukata. Sikujua atakata kiasi gani."

"Watu wawili wamekufa!"

"Wazee hufa kila Julai, mama. Huwezi kuthibitisha..."

Oresta alipiga meza kwa kiganja hivi kwamba kikombe cha ofisa kiliruka. "Usiniambie nithibitishe! Nimewazika! Nilikuwa na haraka makaburini kwa sababu maua yangu yalikuwa yananingoja, na maua yangu yalikuwa yanaota joto lao!"

Ambakisye alifuta chai kwa kitambaa, taratibu. Kisha alitoa karatasi kwenye droo akaisogeza mbele.

"Hii ni fomu ya kurudisha. Ukisaini, ghala lako linarudi nyuzi tisa mchana huu, na wazee wanapata joto lao. Maua yako yana wiki tatu kabla ya kukomaa, sivyo? Yataoza, nadhani, na watoto arobaini na mmoja watakosa mafuta. Au usisaini. Kwa vyovyote, uamuzi ni wako. Ombi lilikuwa lako tangu mwanzo."

Hapo ndipo Oresta alipoielewa kazi halisi ya zile saini mbili. Watu wa mkoani waliandika uzito, Mgawaji alifunga valvu, kijana huyu alibonyeza kitufe, na lawama yote ilikuwa imeteremka kwa ngazi hizo hadi ikatua mikononi mwa bibi shamba mmoja. Alimtazama Ambakisye akatamani amzabe kibao. Alijitazama mwenyewe akatamani vilevile.

"Sisaini," alisema.

"Kwa hiyo unachagua watoto."

"Nimesema sisaini. Nilichochagua utakiona."

*

Aliazima mkokoteni wa punda wa muuza maziwa. Kufikia saa saba mchana alikuwa amefanya safari nne kutoka mtaa wa juu, na kufikia saa kumi wazee kumi na mmoja walikuwa wameketi kati ya ndoo za bangi, kwenye mikeka, wakipanua viganja mbele ya bomba. Mzee Otmari Sanga, fundi bomba mstaafu mwenye masharubu ya manjano, alivuta hewa kwa nguvu.

"Miaka yote hii polisi walikuwa wananificha kitu kizuri hivi?"

"Hii hailevyi, Mzee," alisema Oresta.

"Usinivunje moyo."

Walicheka, na Shangazi Malita, aliyekuwa amelazwa karibu kabisa na bomba, naye akacheka, akakohoa, akalala. Oresta alimtazama akirudiwa na rangi ya uso. Kwa saa chache alidhani amewashinda wote.

Ilipofika siku ya nne aliikuta harufu. Si ile ya limau. Ilikuwa ya chini zaidi, ya nguo zilizosahaulika zikiwa mbichi. Kipimaunyevu, ambacho hakupaswa kukiruhusu kivuke hamsini, kilisoma sabini na nane. Watu kumi na mmoja walikuwa wakipumua usiku na mchana katika chumba kilichozibwa madirisha. Pumzi ilipanda, ikagusa zege baridi la dari, ikadondokea maua. Alibinya ua moja nene. Likavunjika kijivu.

Sista Winfrida alipokuja siku hiyo alisimama mlangoni akiangalia wazee, kisha ndoo, kisha Oresta.

"Umefanya nini?"

"Walikuwa wanakufa, Sista."

"Na wangu je?" Sauti ya Sista ilikuwa ya chini, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Wangu hawafi? Edina ananiuliza kila siku, mafuta mapya lini, namwambia bado kidogo, bibi shamba anahangaika. Kumbe bibi shamba kafungua hoteli! Ungeniuliza mimi kwanza!"

"Ungesema nini? Niwarudishe kwenye nyuzi nne?"

"Sijui ningesema nini! Lakini ningekuwa nimeulizwa!"

Walifokeana mbele ya kila mtu. Sista alisema mambo ambayo hangeweza kuyarudisha, na Oresta akayajibu yote. Aliyewanyamazisha ni Shangazi Malita, akijiinua kwa kiwiko.

"Mnatupigania kama kuku wawili juu ya punje. Aliyezificha punje nyingine yuko wapi?"

Sista alivua koti moja, akachukua mkasi, akaanza kukata ukungu.

Tangu siku hiyo wote walifanya kazi. Wazee wenye nguvu walipepea hewa kwa nyungo, wakipokezana, ili isitulie juu ya maua. Bibi mmoja aliyewahi kuwa mchuma chai alikuwa na vidole vilivyoliona ua bovu kabla ya macho. Kila adhuhuri walifungua mlango kwa dakika kumi kutoa unyevu, wakajikunyata pamoja kama kondoo. Hata hivyo kila jioni Oresta alihesabu, na kila jioni maua yaliyooza, theluthi mwanzoni, yakazidi kukaribia nusu.

Siku ya tisa Ambakisye alikuja na askari mmoja na barua.

"Kibali cha bangi hakiruhusu mtu asiyesajiliwa kuingia humu," alisoma. "Una siku tatu kuwaondoa. La sivyo kibali kinafutwa, na joto la dharura linafutwa nacho."

"Waende wapi?" Oresta aliuliza.

"Majumbani kwao."

"Kwenye robo zao," alisema Mzee Otmari.

Ambakisye hakumtazama. Alibandika barua mlangoni akaondoka.

Walivuna siku ya pili yake. Maua yalikuwa machanga, utomvu wake bado wa maji. Oresta alijua mafuta yatakuwa hafifu, na bado alikata, ndoo baada ya ndoo, huku Sista akiyapokea na wazee wakiyasambaza kwenye nyavu yakauke. Yalipokamuliwa yalitosha dozi kamili kwa watoto ishirini na mmoja. Au nusu dozi kwa wote.

"Utawachagua wewe?" Sista aliuliza.

"Sichagui tena mtu yeyote," alisema Oresta. "Na safari hii sinyamazi."

*

Mkutano wa kijiji ulifanyika siku ya mwisho ya ile barua, kwenye uwanja wa shule, saa tano asubuhi, chini ya mbingu ile nyeupe. Akina mama walikuja na watoto migongoni. Wazee walikuja kwa mkokoteni. Mwenyekiti alikuwa amemwita Ambakisye aje aeleze hali ya mgao, akaja na tabuleti yake akitegemea maswali ya kawaida.

Oresta alisimama wa kwanza. Aliwaeleza yote: ombi, saini zake mbili, nyuzi nne, makaburi mawili, ukungu, nusu dozi. Hakujipunguzia hata neno. Wengine waliguna. Mwana wa marehemu Luhwago alitema mate chini na kutoka nje ya duara. Oresta alimwacha aende, akaendelea.

"Sasa nataka jambo moja. Sheria ya mgao inasema mkutano wa kijiji ukiomba, uzito wa kila mtu usomwe hadharani. Naomba usomwe."

"Itachukua muda mrefu," alisema Ambakisye.

"Tuna muda," mwenyekiti alimjibu. "Hatuna joto, lakini muda tunao. Soma."

Akaanza. Alisoma haraka, kwa sauti ya risala. Mzee Otmari akainuka. "Pole pole, bwana. Mtu akisomwa asimame, tumwone."

"Malita Mligo. Sifuri nukta mbili tano."

Shangazi Malita alishikwa mikono miwili akasimama. "Nipo," alisema. Alibaki wima hadi jina la pili.

"Otmari Sanga. Sifuri nukta mbili tano."

"Nipo, nimekonda kidogo."

Hakuna aliyecheka. Walisimama mmoja mmoja, robo kwa robo. Ndipo Sista Winfrida akapaza sauti kutoka nyuma. "Watoto wangu wa kifafa. Soma hao."

Ambakisye aliteremsha kidole kwenye kioo. Kidole kikasita. Oresta, aliyekuwa karibu, aliona uso wake ukibadilika, akatambua kwamba hakuwahi kufika mstari huo.

"Soma," alisema mwenyekiti.

"Yusta Chaula. Sifuri..." Alikohoa. "Sifuri nukta nne."

Edina Chaula alisogea mbele akiwa na Yusta mgongoni, binti wa miaka sita mwenye bendeji kidevuni.

"Sijasikia vizuri. Kwa nini?"

"Kuna kundi la... linaitwa wagonjwa wasiotarajiwa kupona."

"Soma tena," alisema Edina, akimfungua mtoto na kumsimamisha mbele yake. "Soma ukimtazama."

Ambakisye alimtazama Yusta. Hakusoma.

Kwa hiyo joto la dharura lililoombwa kwa jina la watoto lilikuwa limechukuliwa pia kutoka kwenye vitanda vya watoto hao hao. Oresta alimtafuta Sista kwa macho, na Sista alikuwa tayari anamtazama, na kila walichofokeana ghalani kikawa hakina maana tena.

"Na wewe?" Oresta alimgeukia Ambakisye. "Wewe una uzito gani, mwanangu?"

"Mama, hilo ni..."

"Wewe!"

"Watumishi wa Mamlaka ni moja nukta nane," alisema Ambakisye, karibu kwa kunong'ona.

Kelele iliyofuata haikuwa na maneno. Mwenyekiti alijaribu kuinua mikono akaacha. Ni Mzee Otmari aliyeanza kutembea, bila haraka, akiegemea bega la bibi mchuma chai, na watu wakamfuata kwa sababu alionekana anajua anakokwenda. Alijua. Miaka thelathini nyuma alikuwa amechomelea bomba kuu kwa mikono yake. Nyuma ya ofisi ya Mamlaka, kwenye kibanda cha bati, palikuwa na gurudumu la chuma la kufunga mvuke wa ofisi, lililowekwa kwa ajili ya siku ambayo mashine zingekwama.

"Mgawaji anafungua valvu ndogo," alisema. "Hii haimsikilizi. Hii inasikiliza mikono."

Lilikuwa na kutu. Oresta alilishika upande mmoja, Edina upande wa pili, Sista katikati, na wengine wakawashika viuno. Walivuta hadi Oresta akahisi ngozi ya viganja ikichanika. Lilikataa. Walivuta tena, wakipiga kelele, na likazunguka nusu, kisha yote. Ndani ya ofisi, mlio wa mvuke ukafifia ukanyamaza.

Ambakisye alikuwa amewafuata. Alisimama kando na shati lake la mikono mifupi, akijikumbatia. Hakumzuia mtu.

*

Walilinda kibanda kile kwa zamu siku kumi na moja. Mkoani walituma vitisho kwanza, kisha wataalamu, kisha mjumbe aliyekaa saa mbili katika ofisi isiyo na joto na kutoka akiwa wa bluu midomoni. Siku ya kumi na mbili uzito wa kila mwili wa Ihanga uliandikwa upya kuwa moja, na kibali cha ghala na joto lake vikabaki. Nyumba ya Shangazi Malita ilipanda hadi kumi na tatu. Ilikuwa baridi bado, lakini baridi ya watu wote.

Nusu dozi iliwafikisha watoto arobaini hadi mavuno mengine. Yusta alianguka mara tisa katika miezi hiyo akapoteza jino. Mtoto wa arobaini na moja, mvulana wa miaka mitatu aliyeitwa Tumwitike, alianguka asubuhi moja karibu na birika la maji, peke yake, na hakuinuka. Oresta alimzika, na safari hii alikaa makaburini hadi mtu wa mwisho alipoondoka.

Tume ya uchunguzi ilipofika Ihanga, Ambakisye alitoa ushahidi wake wote, hata pale palipomuumiza. Watu walimsifu Oresta mbele ya wajumbe. Wakamwita shujaa wa wazee. Alipoitwa, aliwakatiza.

"Nilisaini mara mbili. Nilisikia kijana akinijibu upesi mno, nikajifanya sikusikia. Liandikeni hilo."

Karani wa tume aliinua kalamu. "Nikuandike kama shahidi, mama, au kama mtuhumiwa?"

"Andika nilichofanya," alisema Oresta, akisimama na kufunga koti. "Jina la kuniita mtalitafuta wenyewe. Mimi narudi ghalani, vipandikizi vyangu havijapata maji tangu jana."